Kutoka Darasa la Kiswahili Hadi Sekta ya Chakula: Mafunzo Kutoka Nateete

Utangulizi

Wanafunzi wetu wengi wamewahi kuulizwa swali hili na wazazi, wajomba au majirani: "Unasoma Kiswahili, halafu utafanya kazi gani?" Jibu lililozoeleka ni ualimu. Ni jibu la heshima, na idara yetu itaendelea kuandaa walimu. Hata hivyo, jibu moja halitoshi tena. Mwaka 2022 Serikali ya Uganda iliwaongezea walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali wenzao wa masomo ya sanaa hawakuongezewa kiwango hicho. Juni mwaka huo walimu wa sanaa waligoma. Tangu wakati huo swali la mjomba limekuwa zito zaidi, na baadhi ya wanafunzi wameanza kujiuliza wenyewe.

Katika makala haya tunajadili jibu la pili, yaani sekta ya chakula. Kwa sekta ya chakula tunamaanisha kazi zote zilizopo kati ya shamba na sahani: kununua mazao, kuyahifadhi, kusaga, kusindika, kufungasha, kusafirisha, kuvusha mpaka, kukagua, kutangaza na kuuza. Hoja yetu ni kwamba chakula husafiri pamoja na maneno. Maneno hayo yakikosewa, mtu hupoteza fedha na wakati mwingine hupoteza afya. Hivyo basi, mwanafunzi wa lugha ana nafasi katika sekta hii, mradi ajiandae mapema na ajue mipaka yake.

Kwa nini Nateete?

Tumechagua Nateete kwa sababu mbili. Kwanza, ni lango la chakula. Kitongoji hiki kipo katika divisheni ya Rubaga, magharibi mwa Kampala, kando ya barabara kuu ya Masaka. Barabara hii ndiyo inayoleta mjini matooke ya Masaka, Mbarara na Bushenyi. Aidha, ukiifuata hadi Masaka kisha ukachepuka kuelekea Kyotera, unafika Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, ambapo kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa rasmi Novemba 2017. Kwa hiyo, mwenye duka la nafaka Nateete ana Waganda kwa wateja, na upande wa pili wa barabara yake kuna wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili kuanzia asubuhi hadi jioni.

Pili, si mara ya kwanza Kiswahili kufanya kazi Nateete. Wamisionari wa kwanza wa Kanisa la Uingereza waliwasili Buganda mwaka 1877, na Alexander Mackay aliwasili mwaka 1878. Kituo chao kilikuwa Nateete. Mackay hakuwa mtu wa lugha. Alikuwa mhandisi aliyesomea ufundi wa mitambo. Lakini kazi yake haikuweza kwenda bila lugha, kwa hiyo alijifunza Kiswahili, akafundisha kwa Kiswahili, na wasomaji wake wa awali walisoma maandiko ya Kiswahili kabla ya yale ya Luganda kupatikana. Mhandisi huyo alilazimika kuifuata lugha. Mwanafunzi wetu anatakiwa kufanya safari hiyo hiyo kwa kuanzia upande wa pili: ana lugha tayari, sasa aufuate ufundi.

Jina moja, vyakula viwili

Tuanze na jambo ambalo kila mwanafunzi wa isimujamii anaweza kulichunguza mwenyewe sokoni, yaani majina ya vyakula.

Neno posho ni mfano mzuri. Katika Kiswahili cha Tanzania, posho ni fedha au mgao anaopewa mtu kwa ajili ya kujikimu. Wabunge hulipwa posho. Nchini Kenya neno hilo hutumika hasa kutaja mashine ya kusagia nafaka za wateja. Nchini Uganda posho ni chakula chenyewe, kile ambacho Mtanzania anakiita ugali, na pia ni jina la unga wake. Historia ya neno inaeleweka: askari, vibarua na wanafunzi walipewa mgao wa unga wa mahindi, na jina la mgao likahamia kwenye chakula. Lakini pakiti iliyoandikwa "Unga wa posho" ikifika Bukoba itamshangaza mnunuzi. Yeye anatafuta sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, au dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa.

Neno ndizi lina mtego mwingine. Kwa Mswahili, ndizi ni jina la jumla. Kuna ndizi za kupika na ndizi mbivu. Kwa Mganda, ndiizi ni aina moja tu, ile ndogo tamu inayoliwa ikiwa mbivu. Ile kubwa tamu ni bogoya, ya kuchoma ni gonja, na ya kupika ni matooke. Mtu akiagiza "ndizi tani 2" kwa simu bila kufafanua, anajitafutia ugomvi.

Kwa upande wa mchele mambo yamegeuka. Hapa Kiswahili ndicho chenye maneno mengi: mpunga ni ule wenye maganda, mchele ni uliokobolewa, na wali ni uliopikwa. Luganda hutumia omuceere kwa mchele na kwa wali. Tofauti ya mpunga na mchele si ya sarufi tu, ni ya bei. Mpunga ukikobolewa uzito wake hupungua, kwa sababu maganda na pumba hutoka. Anayelipia mpunga kwa bei ya mchele amekula hasara kabla lori halijawashwa.

Vivyo hivyo, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria huitwa mukene nchini Uganda, dagaa nchini Tanzania na omena nchini Kenya. Hapa samaki ni mmoja, majina ni matatu. Lakini dagaa wa Kigoma, watokao Ziwa Tanganyika, ni samaki wa aina nyingine kabisa, ingawa jina ni lile lile. Mwandishi wa lebo au mkataba asiyejua hili atadhani anaeleza bidhaa moja.

Vipimo navyo vina lugha yake. Gunia la mahindi nchini Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90, ilhali Uganda na Tanzania huhesabiwa kuwa kilo 100. Nchini Tanzania kuna neno lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kofia juu, desturi inayomwibia mkulima na ambayo serikali imekuwa ikiipiga marufuku. Ushauri wetu kwa anayeandika hati za biashara ni mfupi: taja kilo, usitaje gunia peke yake.

Sumukuvu: neno na uhai

Mfano mzito zaidi ni wa mahindi. Mahindi na karanga visipokauka vizuri au vikihifadhiwa mahali penye unyevu huota kuvu. Baadhi ya kuvu hao, hasa wa jamii ya Aspergillus, hutengeneza sumu ambayo wanasayansi waliigundua baada ya bata mzinga wapatao 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960. Sumu hii haiishi kwa kupika kwa kawaida. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huchangia saratani ya ini. Ikiliwa kwa wingi huua kwa muda mfupi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania, wagonjwa 68 waliripotiwa na 20 kati yao wakafariki.

Uganda nayo iliguswa, ingawa kwa njia ya biashara. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Malori yalikwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha mahali ilikotoka na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni 1, ambacho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Mkulima na mchuuzi ambao hawakuwahi kusikia habari za "sehemu katika bilioni" walijikuta bei ya mazao yao ikitegemea karatasi.

Sasa tutazame lugha. Sumu hii kwa Kiswahili ina majina mawili. La kwanza ni aflatoksini, lililopatikana kwa utohozi. La pili ni sumukuvu, lililoenea Tanzania, ambalo limeundwa kwa njia ya mwambatano: sumu + kuvu. Utohozi una faida yake, kwani unamwunganisha msomaji na maandishi ya kisayansi ya dunia nzima. Lakini kwa mkulima aflatoksini ni sauti tupu. Sumukuvu linamwambia mambo mawili kwa pumzi moja: hii ni sumu, na asili yake ni kuvu. Nasi huku Uganda tunaweza kuongeza kwamba kuvu ndiyo ile anayoiita obukuku, na mazungumzo yakaanza.

Hata hivyo, istilahi nzuri nayo inaweza kupotosha. Anayesikia sumukuvu anaweza kudhani kwamba akichambua punje zenye ukungu na kuzitupa, zilizobaki ni salama. Kuchambua kunasaidia, lakini punje inaweza kuonekana safi ikawa na sumu. Vilevile anaweza kudhani kwamba kuosha au kuchemsha kutamaliza tatizo. Kwa hiyo mtu wa lugha hajamaliza kazi anapopata neno. Ni lazima amuulize mtaalamu wa chakula: "Msikilizaji wangu akielewa neno hili kama lilivyo, atakosea wapi?" Kisha aandike sentensi ya kuziba pengo hilo. Kwa maoni yetu, swali hili ndilo mchango mkubwa zaidi ambao mwanafunzi wa sanaa anaweza kuupeleka kiwandani.

Lebo kama matini

Wanafunzi wetu huchambua shairi, riwaya na hotuba. Lebo ya chakula nayo ni matini, tena yenye kanuni kali. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za Codex, chakula kilichofungashwa kinatakiwa kuonyesha jina lake, orodha ya vitu vilivyomo, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, namba ya toleo, tarehe, na maelekezo ya kuhifadhi na kutumia. Nchini Uganda Shirika la Viwango, UNBS, ndilo husimamia ubora na kutoa alama ya Q. Kenya kuna KEBS na Tanzania kuna TBS, ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa pia usalama wa chakula.

Hebu tutazame matatizo mawili ya tafsiri. La kwanza ni orodha ya vitu vilivyomo. Lebo nyingi huandika "Viungo", lakini kwa mpishi viungo ni iliki, mdalasini na pilipili manga. Neno viambato linaondoa utata huo. La pili ni tarehe. "Mwisho wa matumizi" na "Bora kutumika kabla ya" hazina maana moja. Ya kwanza inahusu usalama: baada ya siku hiyo usile. Ya pili inahusu ubora: baada ya siku hiyo ladha au umbo huenda vikapungua, ingawa chakula si lazima kiwe kimeharibika. Mfasiri anayeandika "mwisho wa matumizi" kila mahali anasababisha chakula kizuri kutupwa. Anayefanya kinyume chake anahatarisha watu.

Mahitaji haya yataongezeka. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaamua Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo mashariki yake huzungumza Kiswahili, ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba tangazo huleta ajira lenyewe. Ajira huja pale mwenye kiwanda anapoona kwamba mtu fulani amemwondolea hasara.

Mipaka ya elimu yetu

Shahada ya sanaa haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa teknolojia ya chakula. Kazi za maabara, ukaguzi wa kitaalamu na utungaji wa bidhaa mpya zinahitaji kemia na biolojia, na wanaozisomea wanastahili nafasi zao. Sisi tunazungumzia kazi nyingine: uandishi na tafsiri ya lebo na miongozo, mafunzo ya usafi kwa wafanyakazi, mawasiliano na wakulima, ununuzi, mauzo ya mipakani, uwakala wa forodha, huduma kwa wateja, na uandishi wa habari za chakula. Katika kazi hizi mtaalamu na mtu wa lugha hufanya kazi bega kwa bega, na yule asiyeelewa hata kidogo kazi ya mwenzake huwa mzigo.

Jinsi ya kujiandaa

Tunapendekeza hatua zifuatazo kwa mwanafunzi anayeifikiria sekta hii.

1. Chagua kozi kwa makusudi. Tafsiri, istilahi, isimujamii na uandishi ndizo msingi. Ukiweza kuambatanisha Kiswahili na jiografia au uchumi, utaelewa misimu, barabara na bei. Historia nayo ina faida yake, kwa sababu inakufundisha kuuliza jambo lilianzaje, kama tulivyofanya kwa neno posho.

2. Usikimbie hesabu. Asilimia, uzito, ujazo na kukokotoa faida ni mambo ya kila siku. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Mtu asiyeweza kueleza maana ya tarakimu hiyo kwa maneno mepesi hawezi kufundisha ukaushaji.

3. Tumia likizo. Omba nafasi katika ghala, duka la jumla, mashine ya kusaga au kiwanda kidogo, hata kwa kazi ya kuandika daftari la mapokezi. Andika kila siku maneno mapya uliyoyasikia na namna wafanyakazi wanavyoyatumia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usisubiri kupewa, liombe.

4. Soma viwango. Lugha yake ni kavu, lakini ndiyo inayoongoza biashara. Soma kiwango kimoja cha chakula unachokijua, kisha kieleze kwa Kiswahili kwa mtu asiyejua Kiingereza.

5. Tengeneza mkoba wa kazi. Mwajiri hatasoma tasnifu yako. Atasoma lebo 3 ulizotafsiri, bango moja la usafi na mwongozo wa ukurasa mmoja.

Kwa walimu wenzetu

Mtaala mpya wa sekondari za chini nchini Uganda, ulioanza mwaka 2020, unasisitiza stadi za vitendo, na Kiswahili kimo humo. Kwa hiyo somo la chakula linafaa shuleni na chuoni. Tunapendekeza mazoezi mawili.

La kwanza ni la pakiti tatu. Walete wanafunzi pakiti ya unga kutoka Uganda, nyingine kutoka Kenya na nyingine kutoka Tanzania. Waorodheshe maneno yaliyotumika, walinganishe, kisha waandike lebo moja inayoeleweka katika nchi zote tatu.

La pili ni la kuandika maelekezo. Kuna njia rahisi ya kupima unyevu wa mahindi bila kifaa: tia konzi chache za mahindi katika chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie kwa dakika 15 hivi. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, yaanikwe tena. Waambie wanafunzi waandike maelekezo hayo kwa mkulima katika sentensi zisizozidi 6. Kisha mwanafunzi mwingine ayafuate neno kwa neno, huku mwandishi akiwa amenyamaza. Darasa litagundua haraka ni nani aliyesahau kusema kwamba chumvi na chupa viwe vikavu, na ni nani aliyesahau kueleza kwamba chumvi isiyonata haithibitishi kuwa mahindi yamefikia asilimia 13.5. Hapo watajifunza hali ya kuamrisha, viunganishi na mpangilio wa mawazo, na watajua kwa nini mambo hayo yana umuhimu.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba sekta ya chakula ina kazi za lugha, na kwamba kazi hizo zinaonekana hata katika kitongoji kimoja cha Kampala. Tumeonyesha pia kwamba neno linaweza kuleta hasara, kama mpunga ulioitwa mchele, na kwamba neno linaweza kulinda uhai, kama sumukuvu lililoelezwa ipasavyo. Tunatoa wito kwa wanafunzi waanze maandalizi kabla ya mwaka wa mwisho, na kwa walimu wakubali kwamba soko ni maktaba pia. Idara za Kiswahili na zile za teknolojia ya chakula zikae pamoja zitengeneze orodha ya istilahi ambayo mkulima, mwenye mashine na afisa wa mpakani wataielewa. Chakula chetu tayari kinavuka mipaka kila siku. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba maelezo yake yanavuka salama pamoja nacho.